Shilingi 250,000 kwa wasifu wa LinkedIn: tathmini ya huduma niliyoinunua Kampala

Mwezi Februari mwaka huu nililipa shilingi 250,000 katika ofisi moja ya Kampala inayotengeneza CV na wasifu wa LinkedIn, mtandao unaowakutanisha watu wa kazi na waajiri, kwa watu wanaotafuta kazi. Jina la ofisi silitaji, kwa kuwa ninachokipima hapa ni huduma yenyewe, ambayo siku hizi inauzwa na watu wengi mjini, kuanzia ofisi zenye viyoyozi za Nakasero na Ntinda hadi vibanda vya uchapaji vya Wandegeya na Nasser Road, ambako anayekuchapia CV hukuuliza kama utahitaji na ya mtandaoni pia. Fedha hizo kwangu si ndogo. Mkataba wangu wa mwisho ulikuwa umekwisha mwezi Oktoba na nilikuwa naishi kwa akiba, ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu nilichopewa, nilichonyimwa, na nilichokifanya mwenyewe baadaye, ili mwingine aliye katika hali kama yangu ajue anunue nini na aache nini.

Kwanza nieleze kazi yangu. Nimezaliwa Bombo, katika nyumba ambayo Kinubi, lugha yenye asili ya Kiarabu, na Kiswahili vimezungumzwa tangu enzi za bibi zetu, na kwa miaka sita nimetunza stoo ya shirika la misaada wilayani Yumbe, katika makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, yaliyofunguliwa mwezi Agosti 2016 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Sudan Kusini. Tulipokea sabuni, maturubai, ndoo, blanketi na vifaa vya shule. Malori yaliyobeba shehena kutoka Mombasa yaliingia Uganda kwa Malaba au Busia, kisha yakapanda kaskazini hadi kwetu. Madereva wake walizungumza Kiswahili, wapakuaji wetu Kilugbara, na wapokeaji Kiarabu cha Juba, ambacho mtu aliyekulia kwenye Kinubi hukifuata bila mkalimani. Cheo changu kwenye mkataba kilikuwa mtunza stoo mwandamizi. Wasifu wangu wa LinkedIn, nilioufungua mwaka 2019, ulikuwa na jina la cheo na jina la shirika tu, kama mtandao wenyewe unavyojaza usipoandika kitu. Katika mwaka mzima kabla ya kwenda katika ofisi ile sikuwa nimepata ujumbe hata mmoja wa mwajiri.

Huduma ilianza kwa mahojiano ya saa moja na nusu, na hapo nitawasifu bila kusita. Kijana aliyenihoji alikuwa na daftari la kawaida na kalamu, hakufungua kompyuta hata mara moja. Swali lake la kwanza lilikuwa jepesi.

“Dada, hilo ghala lilikuwa na ukubwa gani?”

“Lilikuwa kubwa, kaka.”

“Kubwa kama hiki chumba, au kubwa kama uwanja wa mpira?”

Nikajikuta nimenyamaza. Miaka sita nimefungua na kufunga mahema mawili ya ghala, kila moja mita 10 kwa 24, na sijawahi kuyataja kwa vipimo mbele ya mtu asiyeyajua. Baada ya hapo hakuacha kuuliza “ngapi”. Watu wangapi walikuwa chini yako? Watano. Malori mangapi kwa wiki? Wakati wa ugawaji, kati ya sita na tisa. Mlihesabu mali mara ngapi? Kila mwisho wa mwezi, kadi ya bidhaa mkononi, mmoja anahesabu na mwingine anaandika, kisha wanabadilishana. Hesabu ya mwisho kabla ya mkataba wako kuisha ilitoka vipi? Nikamwambia kwamba kati ya ndoo 11,400 zilikosekana tatu, na kwamba hata hizo tatu nilizipata: zilikuwa zimepasuka wakati wa kupakua, zikawekwa nyuma ya hema, na aliyeziweka alisahau kuziandika. Kijana akaweka kalamu chini akanitazama. “Dada, hilo ndilo la kuandika. Mtunza stoo anayejua ndoo tatu ziko wapi hatafutwi kila siku akapatikana.” Nilitoka kwenye kiti kile nikiijua kazi yangu kuliko nilivyoijua nilipoketi, na kama huduma ingeishia hapo ningesema fedha zangu zimefanya kazi.

Kijana huyo huyo alinieleza pia jambo ambalo wengi wetu hatulijui, yaani jinsi wanaosaka wafanyakazi wanavyotufikia. Wengi wao hawasomi wasifu mmoja mmoja kama tunavyodhani. Wanalipia chombo maalumu cha LinkedIn cha kutafutia watu, ambamo huchagua cheo, mahali, ujuzi, hata lugha zinazozungumzwa, na chombo kinawaletea orodha. Usichokiandika chombo hakikioni, kwa hiyo wewe huonekani, hata kama ungekuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote walio kwenye orodha. Tena kazi moja ina majina mengi: shirika langu liliiita utunzaji wa stoo, lingine linaiita usimamizi wa ghala, kampuni za biashara zinaiita ugavi, na mwajiri anayetafuta kwa jina moja hampati aliyejiandika kwa jingine. Mstari unaokaa chini ya jina lako una nafasi ya herufi 220, ambazo zinatosha kabisa kubeba majina yote matatu kwa ukweli. Sehemu ya Kuhusu, ambamo unajieleza kwa kirefu, ina nafasi ya herufi 2,600, lakini msomaji anaonyeshwa mistari michache ya mwanzo tu, na ya chini yake haionekani mpaka aguse kuifungua. Kwa hiyo lenye uzito halina budi kutangulia.

Picha nayo ilikuwa ndani ya bei, na waliipiga vizuri. Mpiga picha aliona kwamba mtandio wangu wa bluu nzito unamezwa na pazia jeusi la studio, akanitoa hadi barazani ambako ukuta ni mweupe na mwanga wa asubuhi unatoka ubavuni. Alinieleza kwamba kwenye simu picha ya LinkedIn huonekana kama kiduara kidogo, hivyo uso ndio unapaswa kukijaza, na kwamba picha ya harusini iliyokatwa, yenye bega la mtu mwingine pembeni, hujulikana mara moja.

Shida zilianza siku ya nne, rasimu ilipofika. Niliifungua simu nikiwa kwenye teksi ya kurudi Bombo, nikaisoma mara mbili nikidhani wamenitumia ya mtu mwingine. Iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili ingekuwa hivi: “Mtaalamu mahiri mwenye ari, anayejituma kufikia malengo, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo na kushirikiana vyema na wenzake katika mazingira mbalimbali.” Mahema mawili hayakuwamo, wala malori, wala zile ndoo tatu. Kila nilichokisema kwa saa moja na nusu kilikuwa kimebaki katika daftari la yule kijana, kwa sababu, kama nilivyokuja kujua, anayehoji siye anayeandika. Usiku ule niliichukua sentensi hiyo nikaitafuta mtandaoni, na nikaikuta karibu neno kwa neno katika wasifu wa watu watatu wa hapa hapa Kampala: mmoja mhasibu, mmoja muuguzi, mmoja afisa wa mauzo. Kama iliandikwa na mtu au na programu ya akili bandia, kwangu ni mamoja. Sentensi inayomfaa muuguzi na mtunza stoo kwa pamoja haimtofautishi yeyote kati yao, na mwajiri aliye mbele ya orodha ya majina mengi anatafuta tofauti.

Nikarudisha rasimu, na niseme haki yao, waliijibu siku ya pili bila kudai nyongeza. Safari hii namba zilikuwamo, lakini nilikuwa nimepandishwa cheo. Mtunza stoo mwandamizi aligeuka meneja wa lojistiki, na watu watano wakawa “timu kubwa”. Nilipopiga simu kuuliza, sauti ya upande wa pili, ya mtu ambaye hatukuwahi kuonana, iliniambia kwamba kila mtu hufanya hivyo na kwamba jina kubwa ndilo linaloita macho. Sikukubali, na hapa ningemsihi kila anayesoma asikubali. Mashirika ya misaada na kampuni nyingi za hapa Uganda, kabla ya kutoa mkataba, humpigia msimamizi wako wa zamani na kumuuliza cheo chako kilikuwa nini na uliondoka kwa sababu gani. Msimamizi wangu ni mtu mkweli. Angesema mtunza stoo mwandamizi, na kuanzia dakika hiyo hata ukweli wa zile ndoo ungetiliwa shaka. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kuhesabu mali ya wengine, kukutwa ameongeza kitu katika hesabu yake mwenyewe ni kuifunga milango aliyokwenda kuifungua.

Jambo la tatu ndilo lililoniuma zaidi, na ndilo lililonisukuma kuandika kwa Kiswahili. Katika sehemu ya lugha waliweka Kiingereza peke yake. Nilipouliza Kiswahili kiko wapi, nilijibiwa kwamba waajiri hawaangalii lugha za nyumbani.

Kiswahili si lugha ya nyumbani tu katika nchi hii. Kilitambuliwa na katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005, Baraza la Mawaziri likaamua mwezi Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, na mwaka huo huo Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi. Lakini hata tuyaweke hayo ya serikali kando, tutazame mizigo. Bomba la mafuta linalojengwa kutoka Hoima hadi Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania. Sehemu kubwa ya shehena za nchi yetu hupitia Mombasa na Dar es Salaam. Mtu wa stoo anayeweza kumsomea dereva wa Tanga hati ya mzigo, akabishana naye juu ya katoni zilizolowa, wakaelewana na kutia saini bila kumngoja mkalimani, anamwokolea mwajiri nusu siku kila lori linapofika. Nimeyaona mara nyingi: lori limeingia saa kumi na mbili jioni, mvua inakaribia, msimamizi wa zamu hajui Kiswahili na dereva hajui Kiingereza cha kutosha, na turubai la lori linabaki limefungwa mpaka kesho yake asubuhi kwa kuwa hakuna anayethubutu kutia saini asichokielewa. Ujuzi huo una thamani ya shilingi, na kuufuta kwenye wasifu kwa sababu tu tumeuzoea ni kuwanyima waajiri kitu wanachokihitaji na kujinyima sisi wenyewe.

LinkedIn ina viwango vitano vya kujua lugha, kuanzia kile cha mwanzo hadi cha aliyezaliwa nayo. Nilivitumia kwa uangalifu: Kiswahili na Kinubi kiwango cha juu kabisa, Kiingereza kiwango kamili cha kikazi, Kilugbara kiwango cha chini cha kikazi, kwa sababu Kilugbara changu ni cha kupakulia mizigo, hakiwezi kuendesha mkutano.

Kuna na suala la neno la siri. Ofisi iliniomba nilitume kwa WhatsApp ili waingize mabadiliko wenyewe, nami, kwa haraka ya kutafuta kazi, nikalituma. Baada ya wiki moja nilikuta akaunti yangu imetuma mialiko ya kuunganishwa kwa watu zaidi ya 60 nisiowajua, baadhi yao wakiwa nje ya Afrika. Sikuwa nimeulizwa. Masharti ya LinkedIn yanamtaka mtumiaji asimpe mtu mwingine neno lake la siri, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka ridhaa yako kabla taarifa zako hazijatumiwa, kwa hiyo ombi lenyewe halikuwa sawa tangu mwanzo na mimi sikupaswa kulikubali. Nililibadilisha neno la siri, nikaingia kwenye mipangilio na kuondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwa jina langu, nikawasha uthibitisho wa hatua mbili, kisha nikakaa jioni nzima kuifuta mialiko iliyokuwa haijajibiwa. Anayetaka kukusaidia anaweza kukuandikia maneno ukayaweka mwenyewe. Ni kazi ya nusu saa.

Wakati huo nilikuwa nimeshachoka kurudishiana rasimu, nikaamua kuandika mwenyewe kwa kutumia maelezo ya mahojiano, ambayo yule kijana, kwa wema wake, alinipigia picha kutoka kwenye daftari lake na kunitumia. Mstari wa juu niliuandika kwa Kiingereza, na maana yake ni hii: mtunza stoo mwandamizi, usimamizi wa ghala na ugavi wa misaada, malori sita hadi tisa kwa wiki, Kiswahili, Kinubi na Kiingereza. Sehemu ya Kuhusu nilianza na ile hesabu ya ndoo 11,400, moja kwa moja, bila kujitambulisha kwanza. Kabla ya kuanza kubadilisha nilizima ile taarifa inayowaambia watu wote kwamba umebadilisha wasifu, maana nilijua nitarekebisha mara nyingi. Nikafupisha na anwani ya wasifu, iliyokuwa na mkia wa namba baada ya jina langu, ikawa safi ya kuandikwa juu ya CV.

Kisha nikamwomba msimamizi wangu wa zamani aniandikie ushuhuda. Huo una uzito kuliko ile alama ya kuthibitisha ujuzi, ambayo mtu yeyote aliyeunganishwa nawe anaweza kuigusa akiwa njiani kwenda kazini. Sikumwandikia “naomba uniandikie kitu kizuri”. Nilimkumbusha juma moja la mvua ambalo barabara ilikatika na malori matatu yakafika usiku mmoja, nikamwomba aeleze alichokiona, kama alikiona. Aliandika sentensi tano, na ya tatu inataja kwamba hesabu ya usiku ule ilifungwa kabla ya alfajiri. Ofisi niliyoilipa haikunigusia ushuhuda hata kidogo, ingawa ulikuwa bure. Walichonishauri ni kulipia LinkedIn ya Premium, nami nikaiacha.

Kuhusu ile alama ya kwamba uko tayari kwa kazi, nilichagua ionekane kwa wanaotumia chombo cha kutafutia wafanyakazi tu, bila ule mduara wa kijani kwenye picha. Wako wanaoupenda mduara na siwalaumu. Aliye na kazi sasa na anatafuta nyingine kimya kimya ajue kwamba LinkedIn hujitahidi kuificha alama hiyo wasiione wale wa kampuni unayoifanyia kazi, lakini yenyewe inasema haiwezi kukuhakikishia usiri kamili.

Kwa hiyo ningeigawaje ile 250,000? Mahojiano ningeyalipia 100,000 tena kesho, na picha 50,000. Maandishi yao nisingeyalipia hata shilingi, mpaka anayehoji awe ndiye anayeandika. Atakayekwenda katika ofisi ya aina hii aulize swali hilo kwanza, kabla hajatoa fedha mfukoni, na aombe kuona wasifu waliowatengenezea watu watatu wa kazi tofauti; kama sentensi za mwanzo zinafanana, aage kwa adabu aondoke. Asiye na fedha amtafute rafiki anayejua kuuliza “ngapi”, wakae chini na daftari.

Tangu katikati ya Machi nimepata ujumbe wa waajiri wanne. Mmoja alikuwa tapeli aliyetaka nilipie “ada ya fomu”, wawili hatukuafikiana mshahara. Wa nne alikuwa mama mmoja anayeajiri kwa niaba ya kampuni ya uchukuzi yenye yadi Hoima. Alianza kwa Kiingereza, akauliza juu ya zile ndoo tatu, kisha katika ujumbe wa pili akabadilisha lugha: “Dada, hiki Kiswahili umekiandika cha juu kabisa. Ni cha kazini, au cha salamu tu?” Nikamjibu kwamba anipigie. Tulizungumza kwa dakika ishirini kwa Kiswahili kitupu, mengi yakiwa juu ya namna ya kupokea lori usiku pasipokuwa na umeme wa kutosha, na mwisho akasema madereva wao wengi ni wa Tanga na wamechoka kuelezana na watu kwa ishara. Mkataba ni wa miezi sita, na nimeanza kazi juma lililopita. Kwenye wasifu nimeandika mtunza stoo wa zamu ya usiku, kama mkataba unavyosema.